Mashanza Ndani ya Express ya Kilambo

Harufu ya kwanza ya Walikale niliyokutana nayo ilikuwa ya lami ya moto iliyochanganyika na mafuta ya ndege. Kule Kilambo, nje ya mji, hapakuwa na uwanja kama wa Goma. Ndege ndogo zilitua juu ya barabara yenyewe, katikati ya msitu, na wenye pikipiki wakazuiwa kando mpaka injini izime. Nilikuwa mtoto wa darasa la nne. Mimi na mama tulitoka milima ya Masisi, upande wa Lushebere, kwenye baridi na malisho, tukimfuata baba aliyekuwa amepata kazi katika duka la mfanyabiashara mmoja wa Butembo pale Walikale mjini. Kwenye simu baba alikuwa ameomba kitu kimoja tu: mashanza, maziwa ya mgando ya ng'ombe wetu, kwa maana huko msituni hakukuwa na ng'ombe. Mama akajaza bidoni ya njano, dumu la plastiki, akaisafirisha kama anayebeba mtoto mchanga.

Nyumbani mama alizoea kulegeza kifuniko ili hewa itoke, kwa sababu mashanza huendelea kuchachuka. Lakini Goma, tulikopandia ndege, mpakiaji alimkemea mbele ya watu: "Mama, funga nguvu. Ikimwangika mu avion, utashuka." Mama akafunga kwa nguvu zake zote, na katika pilikapilika za kushuka hakukumbuka kulegeza tena.

Kutoka Kilambo hadi mjini kulikuwa na basi dogo jeupe lililoandikwa EXPRESS juu ya kioo cha mbele. Lilingoja ndege itue, likapakia abiria wake, likaenda moja kwa moja hadi sokoni bila kuokota mtu njiani. Mimi niliyezoea kukaa juu ya magunia ya kabichi nyuma ya lori niliona tumeingia katika maisha mengine. Nilivaa sketi mpya ya bluu. Bidoni iliwekwa mbele, juu ya kifuniko cha injini, kwa kuwa hapakuwa na nafasi nyingine. Kwenye kiti cha mbele yetu walikaa mwanamume kijana mwenye koti na mke wake mjamzito. Yule kijana aligeuka akaniuliza kwa upole, "Na wewe mutoto, uko mwaka wa ngapi? Mimi niko mwalimu, wamenituma ku école ya Walikale." Nikamjibu kwa sauti, nikitaka basi zima lisikie.

Mlio ulikuwa mmoja tu, mkavu, karibu kabisa na masikio yetu. Watu wa kwetu hawahitaji kuelezwa la kufanya wakisikia mlio kama wa risasi. Dereva alikanyaga breki, akafungua mlango wake na kujitupa mtaroni. Wanawake walilaliana sakafuni. Yule mwalimu alisimama juu ya kiti, akapenya dirishani kichwa kikitangulia, akatoweka. Mimi nilijibanza chini ya miguu ya mama, na joto likanitiririka mapajani bila mimi kuweza kulizuia.

Tukangoja. Hapakuwa na mlio wa pili. Kitu cheupe kilikuwa kikidondoka kutoka darini, juu ya nywele na migongo ya watu. Mzee mmoja alikigusa kwa kidole, akakionja. "Hii iko mashanza," akasema.

Hakuna aliyecheka. Dereva alirudi, suruali imejaa matope, macho mekundu. "Nani ameleta hii? Munataka kutuua na woga?" Mama alisimama. "Iko yangu, Papa. Munisamehe." Sauti ya mwanamke ikatoka nyuma: "Hawa watu wa ku Masisi! Hata mu pori munatufwata na maziwa yenu!" Mama alifungua kitenge chake cha juu, akapiga magoti, akaanza kufuta viti, kisha viatu vya watu, kimoja baada ya kingine. Nilitamani sakafu ile inimeze. Alipofika kwangu aliona sketi yangu, na akaelewa. Alichukua bidoni, akanimwagia mapajani mashanza yaliyosalia, akasema kwa sauti ya kusikika, "Pole, mwanangu, imekumwangikia na wewe."

Mwalimu aliletwa akishikwa mabegani, mkono wa kulia umevunjika. Mke wake hakuwa amesogea kitini pake. Alitazama mbele tu, na alitazama mbele hivyo mpaka mjini.

Baba alitungoja sokoni na wenzake wa dukani, shati limepigwa pasi. Tuliposhuka tunanuka, wenzake walirudi nyuma hatua moja. Baba aliichukua ile bidoni tupu akatutangulia nyumbani.

Mwaka ule wote wa shule yule mwalimu ndiye alikuwa mwalimu wangu. Watoto waliniita Mashanza badala ya Furaha, jina langu. Yeye, mkono ukiwa umefungwa shingoni, aliniita kila asubuhi nimwandikie ubaoni, na mimi nilijua hiyo ndiyo adhabu yangu. Siku moja wenzangu walipotoka nje nilibaki, nikamwambia, "Mwalimu, unisamehe juu ya mukono."

Aliketi. "Furaha, unazani ni maziwa ilinivunja mukono? Bibi yangu, na mimba yake, alinikamata koti. Nikamutoa mukono ku koti, nikaruka. Maziwa haikunituma." Kisha akaniambia nifute ubao.

Nilitarajia maneno yale yanipunguzie mzigo. Badala yake, kila nilipomwona mke wake akipita na mtoto wao mgongoni, nilishindwa hata kumsalimu, kama kwamba mimi ndiye niliyeruka.

Sasa naishi Kisangani, na kazi hunipandisha ndege mara kwa mara. Basi la kutoka uwanjani hadi mjini lina viti vizuri na muziki, na watu hawaulizani walikotoka. Ninaposafiri na binti yangu hulalamika kwamba namshika mkono kwa nguvu hadi unamuuma. Ningeweza kumwambia kwamba sijui mimi ningefanya nini mlio ule ukisikika tena, na kwamba naona haya kutojua. Ninamwambia ni mashimo ya barabara, na basi bado hata halijaondoka uwanjani.