Pete ya Zohali Niliyoisifu Bila Kuiona

Ipo jioni moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na nitakusimulia hivi hivi nilivyochoka, kwa sababu nikisubiri siku nitakayokuwa na nguvu hutaisikia kamwe. Nilikuwa binti wakati huo. Nilikuwa nimetoka Bujumbura na mama yangu, tumepanga chumba hapa mtaa wa Nyamirambo, na kazi yangu ilikuwa kushona katika duka la Mama Zubeda, fundi aliyesifika mtaa mzima kwa magauni ya harusi. Nyuma ya duka kulikuwa na ua, na katika nyumba ya uani aliishi Mwalimu Idrissa.

Mwalimu huyo alikulia Tabora, akafundisha fizikia huko mpaka akastaafu, akarudi hapa kwao na darubini. Majirani walimwona nusu kichaa. Watu wakishatoka kuswali magharibi, yeye anatoa miguu mitatu ya chuma, anaisimamisha juu ya saruji, anafunga bomba lake, kisha anaanza kugombana na mawingu. Msimu wa mvua aligombana nayo kila siku. Kiangazi nacho kina vumbi lake na moshi wa makaa, kwa hiyo hakukosa sababu ya kununa mwaka mzima.

Alikuwa na sayari zake anazozipenda, na nyingine anazozisema vibaya. Zuhura aliiita sayari ya wavivu, maana inawaka yenyewe upande wa machweo hata giza halijaingia, ingawa ukiichungulia unakuta imemegeka kama mwezi mchanga. Mirihi hakuipenda kabisa. Watu wanakuja wamesikia habari zake redioni, wanachungulia, wanakuta kidoti chekundu, wanaondoka wamemkasirikia yeye. Mshtarii aliipenda kwa vile vijimwezi vyake vinne, leo viwili huku na viwili kule, kesho vimehama. Lakini akiitaja Zohali sauti yake ilishuka, na usoni akawa mtu mwingine.

Nami ugonjwa huo aliniambukiza. Ukiniuliza leo uanzie wapi, nitakwambia anza na Mshtarii, haimvunji mtu moyo. Zohali ngoja kwanza, uifikie macho yakiwa yameshazoea.

Sasa, kabla sijakupeleka uani, lazima ujue nilichokuwa nakificha. Mishono yangu ilikuwa imeanza kwenda kombo. Mama Zubeda alinirudishia gauni moja, akanirudishia na jingine, na mara zote nikasingizia cherehani. Nilikuwa nagonga bega la kulia kwenye milango. Nilimimina chai pembeni ya kikombe, wenzangu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Nilijiambia ni uchovu, nilijiambia ni moshi wa jikoni. Ukweli ni kwamba niliogopa, mwanangu. Fundi asiyeona atashona nini? Na mama yangu hakuwa na mtu mwingine wa kumtegemea ila mimi.

Basi jioni hiyo anga lilitakata. Mwalimu akaja mlangoni kwetu, akatuambia tuache vitambaa, leo Zohali iko vizuri kuliko alivyowahi kuiona mwaka ule. Tukatoka wote. Mmoja wetu akaonyesha kidole, akapiga kelele, "Ile pale, iko inakuja!" Ilikuwa ndege inashuka uwanja wa Kanombe. Mwalimu alimtazama tu kwa huruma.

Hapa kwetu sayari hupenda kupita karibu na utosi, kwa hiyo bomba lilikuwa limeelekezwa juu, na anayetazama hukaa kwenye kigoda na kukunja shingo. Mama Zubeda alitangulia, yeye ndiye mkubwa. Akachungulia, halafu akaruka.

"Mana yangu, Mungu wangu! Iko na pete! Njooni muone, iko na pete kweli!"

Alishangilia, akatushika mikono, akatueleza jinsi pete ilivyo, akachungulia tena, akashangilia tena. Alipoondoka kigodani nikakaa mimi. Nikafumba jicho la kushoto, nikaweka la kulia, kama nilivyomwona yeye akifanya. Sikuona kitu. Kulikuwa na giza la kijivu tu, basi. Nyuma yangu wenzangu walikuwa wanangoja, na Mama Zubeda bado anaongea habari za pete.

"Naiona, Mwalimu," nikasema. "Iko mzuri sana. Pete yake inang'aa."

Mwalimu akaniuliza polepole, "Pete gani hiyo unayoisifu?"

"Ya Zohali."

"Zohali imeshatoka humo, binti. Dunia inazunguka, sayari haimngoji Mama Zubeda amalize vigelegele. Nilikuwa nainuka niirudishe."

Walinicheka, na mimi nilitamani saruji ipasuke inimeze. Akainama, akalisogeza bomba kidogo tu, akarekebisha, akaniambia nitazame tena. Nikaweka jicho lile lile. Giza lile lile. Ungedhani nimeshapata funzo, lakini mtu akishadanganya mbele za watu huona aibu kurudi nyuma. Nikasema sasa naiona.

"Pete imelala upande gani?"

Nikabahatisha. Aliponisikia hakucheka wala hakupandisha sauti. Aliwaambia wengine waende wakanywe chai, anga halitaondoka. Tulipobaki wawili akairudisha tena, akasema, "Badilisha jicho."

Nikaweka la kushoto. Mwanangu, ilikuwa pale. Kitu kidogo cha rangi ya asali, na pete yake imekizunguka bila kukigusa, kimetulia katikati ya weusi, kisafi mpaka nikadhani Mwalimu amebandika picha ndani ya bomba. Furaha ilinijaa, na papo hapo hofu ikanijaa pia, kwa sababu nilikuwa nimejua. Macho mawili yakifanya kazi pamoja, moja humfichia mwenzake. Siku zote jicho zima lilikuwa limenifichia lililokufa, na ilibidi nilifumbe ili nijue. Nililia palepale kigodani.

Mwalimu akanisubiri. Nilipotulia akanikaripia, na maneno yake hayajanitoka.

"Ungesema huoni, ningeirudisha. Ungesema tena huoni, ningeirudisha tena, mpaka asubuhi. Hiyo ndiyo kazi yangu hapa. Sasa wewe umesema unaona, mimi nikufanyie nini? Umenifungia mlango, halafu umebaki ndani gizani na aibu yako. Tangu lini hilo jicho?"

Nikamwambia sijui. Nikamwambia habari za mishono.

"Mama Zubeda anajua?"

"Oya, hajui, Mwalimu. Atanifukuza."

"Basi utamwambia jioni hii hii. Mimi nitakuwa hapo."

Tukawafuata kwenye chai, nikamwambia Mama Zubeda yote. Mama Zubeda aliweka kikombe chini akaniwakia. "Nguo za harusi za watu umeniharibia, ukasingizia cherehani yangu! Nilimwita fundi akaifungua yote, akaniambia iko nzima, nikagombana naye! Kumbe ni jicho? Jicho, sha, mtoto wewe, na unalala nalo hivyo hivyo?" Alifoka mpaka majirani wakachungulia. Nikajua kazi imekwisha. Kesho yake alfajiri akanigongea mlango, amejifunga kitenge na ameshaita moto mbili, zile pikipiki za abiria, akanipeleka hospitali.

Daktari alinipima, akarudia kupima. Akaniambia ni presha ya jicho, inakula kimyakimya bila maumivu. La kulia halitarudi. La kushoto imeshaanza kulila, lakini tumeiwahi, nitatia dawa ya matone kila siku ya maisha yangu. Akauliza kwa nini sikuja mapema.

Mama Zubeda hakunifukuza, nikashona kwa jicho moja, mwanangu. Nilishona polepole, nikaachishwa mapambo ya shanga nikapewa mikunjo na mistari mirefu, na kwa kazi hiyo nilimzika mama yangu kwa heshima na nikasomesha watoto. Mwalimu alipofariki, wanawe walinikabidhi darubini, wao walisema inawajazia nyumba. Ndiyo hiyo unayoiona chini ya turubai. Siku hizi bomba lake limekuwa zito, au mikono yangu ndiyo imekuwa myepesi. Nimechoka. Nimechoka na matone, nimechoka kuinua kichwa, na mwezi uliopita daktari amelitazama hili jicho lililobaki muda mrefu kidogo kuliko kawaida yake. Nilimwuliza amekuta nini, naye akanieleza. Sikufurahi, lakini nimejua.

Vijana wa mtaa bado wanakuja anga likitakata. Wanaweka simu kwenye tundu, wanachungulia kwa haraka, "Bibi, nimeiona, iko safi kabisa!" na wanaondoka, nami najua kabisa sayari ilikwishatoka. Sina nguvu za kuwakamata kama Mwalimu alivyonikamata. Wiki iliyopita alikuja msichana mmoja mrefu, mwanafunzi, akachungulia, halafu akanigeukia. "Bibi, mi sioni kitu." Wenzake wakamcheka. Magoti yaliniuma, lakini niliinuka, nikairudisha, akasema bado, nikairudisha tena, akasema bado ni ukungu. Nikamwonyesha kifundo cha kuzungusha kinachoondoa ukungu, nikamwambia azungushe kwa jicho lake mwenyewe, maana nilikuwa nimekiweka sawa kwa jicho langu mimi. Akazungusha. Nikamsikia anavuta pumzi, na sikumwuliza ameona nini.

Kwa hiyo nakwambia wazi, kwa sababu sina tena pumzi ya kuzunguka. Usiseme unaona eti kwa kuwa aliyekutangulia kigodani ameshangilia. Shuleni, kazini, kwa daktari, kwa huyo utakayeishi naye, ukiwa gizani taja giza, na ulitaje mapema. Watakucheka, ndiyo. Mama Zubeda wako atafoka, na pengine kazi utaipoteza, siwezi kukuahidi kwamba hutaipoteza. Lakini kicheko kinakwisha jioni ile ile. Mimi jicho langu sikulipoteza kwa ugonjwa peke yake. Ugonjwa ulianza, ukimya wangu ukamalizia.

Nenda sasa, nipumzike. Mungu akulindie macho yako yote mawili, ayashibishe mambo mazuri mpaka uzee wako. Na siku jicho mojawapo likikukatalia, akupe ulimi wa kusema siku hiyo hiyo, na akupe mtu wa kukufokea usiku, na alfajiri awe wa kwanza kugonga mlango wako.