Sauti Iliyoendesha Lori

Magdalene hakuwahi kushika usukani maishani mwake, na bado nawaambia kwamba kuna wakati lori la shamba moja la kahawa kule Ruiru liliendeshwa naye. Msicheke kwanza. Sogeeni.

Alikuwa mchuma kahawa, mama wa Ngendo, mwanamke mfupi wa shingo nene, na Mungu alimwekea kooni kitu ambacho sisi wengine hakutupa. Asubuhi wachumaji walipopanda lorini na madebe yao, yeye ndiye aliyetoa wimbo, wengine wakaitikia. Alitunga papo hapo. Ukichelewa kutoka nyumbani, umo ndani ya wimbo. Ukigombana na nyapara, umo. Watu walimwogopa kwa furaha.

Ilikuwa miaka ile ya hali ya hatari, wakoloni wakikamata watu ovyo. Dereva wa zamani alichukuliwa na askari, hakurudi, na usukani akapewa Musau, kijana wa Kikamba kutoka upande wa Kilimambogo. Miaka kumi na saba. Ndevu zake ungeweza kuzihesabu hata ukiwa na haraka. Mama yake, Kalondu, alichuma kahawa na hao wengine, kwa hiyo kila asubuhi mwana alimbeba mama yake huko nyuma pamoja na madebe.

Mwanzoni aliendesha polepole, shingo imemkauka. Akina mama wakamchokoza, wakauliza kama lori linasimama njiani kula nyasi. Ndipo Magdalene akamtia kwenye wimbo:

Musau, mwana wa Kalondu,
jua lisitukute njiani!

Lori likaruka kama limeumwa na nyuki. Wakacheka sana. Kesho yake akaimba tena, lori likaruka tena. Basi akaanza kulijaribu jambo hilo, kama mtoto anavyoujaribu moto. Akipandisha sauti, Musau anakanyaga mafuta. Akiusifu mkono wake, anakata kona kwa huo mkono mmoja. Hebu fikirini: mwanamke ambaye hata punda hakuwa naye, na chuma kizima kile kinatii koo lake! Mwenyewe alisema mwili ulimsisimka.

Kalondu hakuwa akiimba. Jioni moja wakiteka maji alimwambia, "Mama Ngendo, mtaje nyapara, nitaje hata mimi. Mwanangu muache. Akisikia jina lake haoni barabara."

"Kwani sifa zinamwuma?" Magdalene akamjibu. Wanawake wakacheka, na Kalondu akaubeba mtungi mgongoni, kamba yake kwenye paji la uso, akaondoka zake.

Halafu mvua ikanyesha. Asubuhi ule mteremko mwekundu wa kwenda kwenye daraja la mbao ulikuwa unateleza kama sabuni. Musau aliuingia kwa kasi, wimbo umepamba moto. Magdalene alikuwa amesimama nyuma ya kichwa cha lori, ameshika chuma, akatupa jicho kwenye kioo cha pembeni. Ndani ya kioo kile kidogo akayaona macho ya Musau. Yalikuwa yanamtazama yeye. Yalikuwa yanangoja sifa nyingine.

Alitaka kumpigia kelele asimame, lakini akaona: huyu akishtuka akakanyaga breki kwenye tope hili, lori litalala ubavu na watu wote hawa. Akinyamaza ghafla, atageuka atazame nyuma kuna nini. Na wanawake wanangoja neno la kuitikia, na Kalondu ameshika ubao kwa mikono miwili, amefumba macho.

Magdalene akavuta pumzi, akatoa wimbo wa kubembeleza mtoto.

Tulia mwana, tulia,
mama haendi mbali.

Wanawake walishangaa, lakini mwitikiaji haulizi maswali. Wakaitikia. Akashusha sauti, wakashusha. Macho yakaondoka kwenye kioo. Mguu ukaachia mafuta. Wakaisikia gia ikikoroma na kushuka, kisha ikashuka nyingine, na lori zima na uzito wake wote likateremka kama ng'ombe mzee anayekwenda kunywa maji. Kona ya mwisho ikafunguka, daraja likaonekana.

Katikati ya daraja palikuwa na mkokoteni wa ng'ombe, gurudumu limezama kati ya mbao. Mwenyewe, mzee Githinji, alikuwa amepiga magoti akilichokonoa kwa mpini wa jembe. Lori likasimama karibu naye hivi kwamba Musau angenyoosha mkono dirishani angemshika fahali pembe.

Mto tu ndio uliosikika. Githinji akainuka, akapangusa magoti.

"Nimewasikia tangu kule juu mkibembeleza," akasema. "Mtoto yuko wapi tumwone?"

Magdalene akaonyesha kwa kidevu upande wa dereva. Musau alikuwa ameuinamia usukani. Kalondu alishuka, akafungua mlango, akaweka mkono mgongoni mwa mwanawe. Hakumgombeza.

Magdalene hakuacha kuimba. Ila jina la Musau hakulitaja tena gari likiwa linatembea. Alilibana kifuani mpaka wafike, injini izimwe, kila mtu awe ameshuka. Hapo ndipo alipolitoa, nalo likatoka zima, ng'ambo ya mto ikaitikia. Wageni waliofika shambani walishangaa kuona wanawake wakiliimbia lori lililosimama, na dereva wao kijana kando yake, kofia mkononi, anasikiliza.