Kushoto, Kila Unaposhtuka

Binti wa dada yangu alijifunzia udereva ng'ambo ya mpaka, Kasindi, Kongo, ambako magari hupita kulia. Alipofika kwangu Kasese, Uganda, ambako hupita kushoto, alikuwa na miaka kumi na tisa na mikono mizuri ya usukani, myepesi kuliko ya wengi niliowafundisha. Dada alikuwa amenunua pikapu ya kuleta nyanya kutoka Bwera hadi soko la Kasese, na dereva angekuwa huyo binti.

"Mutoto ni huyu mumoja tu," dada aliniambia. "Unirudishie muzima."

Nikacheka. Nilikuwa nimefundisha vijana wa mji huu kwa miaka, wana wa askari na wana wa wakulima, na sikuwa nimemzika hata mmoja.

Wiki ya kwanza nilimsifu kupita kiasi. Alikaa kushoto bila kukumbushwa, alitazama vioo, hakuwa na pupa. Nilisahau jambo moja, kwamba nilikuwa sijamwona akishtuka.

Siku aliyoshtuka tulikuwa tumetoka Bwera, tumeshapita Kisinga. Asubuhi, barabara kavu. Lori la kahawa likachomoza konani likiwa upande wetu, likiipita pikipiki. Dereva aliyekulia Uganda angelitupa gari kushoto, kwenye majani. Yeye alilitupa kulia, na lori nalo lilikuwa linarudi kulekule. Niliukamata usukani kwa mikono miwili nikauvuta kwangu. Lori lilipita karibu mno, honi ikilia, nasi tukaishia majanini.

"Simama! Zima gari!" Hiyo ilikuwa sauti yangu ya kambini, nilikofundishwa kuendesha na afande mmoja asiyejua kunong'ona. "Lori iko inakuja, wewe unaifuata! Unataka kufa?"

Alizima gari. "Mama mudogo, mi sijue. Mikono ilienda yenyewe."

Nilimwamini, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Kichwa chake kilikuwa kimeshahamia Uganda. Woga wake ulikuwa bado uko Kongo, na hakuna mtihani wa polisi unaoukagua woga.

Basi nikaamua kuufundisha huo woga. Kila asubuhi tulikwenda kwenye njia ya vumbi ya Kahendero, ambako wachuuzi wa samaki huwa wameshapita mapema. Nilingoja asahau, kisha nikapiga dashibodi kwa kiganja na kupayuka, "Ng'ombe!" Aende kushoto. "Lori!" Kushoto. Nilimshtua hata nyumbani, kikombe cha chai kikiwa mdomoni, nikitaka aoneshe kwa mkono angeelekea wapi. Mwanzoni alikwenda kulia karibu kila mara, na kila alipokosea nilikiona kiti cha dada yangu msibani. Sikulala vizuri. Nilimfokea mno, na wakati mwingine nilimchukia kwa kunitia hofu ile.

Mazoea yana taabu, wanasema, na mimi nilikuwa nikimpandishia mengine juu ya yale ya zamani. Sikuona kwamba nami nimepata yangu. Mkono wangu wa kulia haukukaa tena mapajani. Ulikaa hewani, shubiri moja kutoka usukani.

Mwezi ulipoisha, mkono wake ulikwenda kushoto kabla sijamaliza kupayuka. Alipita mtihani. Kesho yake tukapakia nyanya Bwera, yeye kwenye usukani wa pikapu, mimi kando, dada akitungoja sokoni.

Karibu na Kinyamaseke pikipiki yenye watu watatu ikakwepa shimo, ikaja moja kwa moja upande wetu.

"Kushoto!" nilipayuka, na mkono wangu ukaukamata usukani, ukavuta.

Usukani haukusogea. Alikuwa ameukaza kwa nguvu ambazo sikujua anazo.

"Achia, mama mudogo! Batoto beko pale!"

Ndipo nikatazama kushoto. Watoto wa shule walikuwa wanatembea ukingoni kwa mstari, karibu kiasi kwamba niliona kifungo kilichokatika kwenye shati la mmoja wao. Yeye alikuwa ameshawaona. Alikuwa ameshakanyaga breki, gari limenyooka, linapungua mwendo, na pikipiki ikapata nafasi ya kurudi upande wake. Kreti moja ya nyanya ikaanguka nyuma. Hakukuwa na kingine.

Niliona aibu iliyonipanda mpaka masikioni. Mwezi mzima nilikuwa nimemfundisha upande wa kukimbilia. Kutazama kwanza alijifunza mwenyewe.

Hakunilaumu. Alisubiri watoto wapite, akanitazama mkono, nami nikautoa. Nikaukalia, pamoja na mwenzake, mpaka Kasese.

Sokoni dada alimkumbatia binti yake, akampapasa mabega kama anayehakikisha yote yapo. Kisha akanigeukia. "Sasa anaweza kwenda bila wewe?"

"Anaweza," nikasema. "Bila mimi ndiyo salama zaidi."

Akacheka, akidhani natania.