Chakula Kilichofungiwa Stoo

Kazi yangu niliipata kwa sababu ya damu yangu. Mradi mmoja wa wafadhili wa nje ulitafuta akina mama wanaoishi na virusi vya UKIMWI, ambao watoto wao wamezaliwa salama, wakae na wajawazito wanaopimwa na kukutwa navyo. Mimi nilikuwa na binti darasa la tano, mzima kama jiwe. Nikapewa fulana ya bluu, posho kidogo, na benchi nje ya chumba cha muuguzi katika kituo kimoja cha afya upande wa Buhongwa. Nyumbani ni Mkolani, kwa hiyo nilikwenda kwa miguu.

Kwenye benchi lile nilimpata mdogo wangu. Hatukuzaliwa pamoja, ila sikuwa na jina jingine la kumwita. Alikuwa anauza dagaa, mume wake mvuvi, mimba ya kwanza. Alipopewa majibu hakulia. Aliniuliza tu, "Dada, nitakufa kabla hajazaliwa au baada?"

Nikamwambia hafi, na mtoto hatapata, ilimradi asikose dawa wala kliniki. Usikose, usikose. Nililisema neno hilo kila alipokuja, hadi akawa ananitania, ananisalimia nalo badala ya shikamoo.

Na kweli hakukosa. Dawa alizificha kwenye debe la unga maana mume hakuwa anajua. Mtoto wa kike akazaliwa, akapimwa, akawa salama. Siku ile tulicheka mpaka muuguzi akatufukuza kibarazani.

Kilichomwandama yule mtoto ni njaa. Dagaa ziliadimika, maziwa ya mama yakapungua, nyumbani kukawa na ugali wa udaga, ule wa muhogo mkavu, na mchuzi mweupe usio na kitu. Alipokaribia mwaka, utepe wa kupimia mkono ulisoma nyekundu, utapiamlo mkali. Wakamwanzishia chakula dawa, vile vipakiti vya karanga zilizosagwa na maziwa. Alikuwa anakinyonya kipakiti mpaka karatasi inalia. Wiki chache tu, mashavu yakaanza kurudi, akawa akiniona ananivuta hereni.

Asubuhi moja mratibu wa mradi alikuja akasimama mlangoni, simu mkononi. Kijana mpole, hata siku ile sauti yake ilikuwa ya upole.

"Tumeambiwa tusimamishe kila kitu. Kuanzia sasa hivi."

"Nani kasema?"

"Huko kwao. Serikali yao imebadilisha mawazo."

"Na chakula cha watoto?"

"Kisiguswe. Ni mali ya mfadhili mpaka watuelekeze."

Makasha yalikuwa yamejaa stoo, tuliyapanga wenyewe. Akafunga kufuli, akatia funguo mfukoni, kisha akatuomba tumrudishie fulana. Mimi nilikuwa nimevaa yangu. Nikaingia chooni nikaivua, nikatoka nimejifunga khanga kifuani kama mtu aliyetoka kuoga, nikamkabidhi. Aliipokea bila kuniangalia.

Nje akina mama walikuwa wamekaa na watoto wao. Mganga mfawidhi akaniambia, "Kawaambie wewe, wamekuzoea." Nikaenda na khanga yangu, nikawaambia. Dawa za virusi zipo, zitaendelea kutolewa ndani. Chakula hakipo.

"Si kiko stoo?" mdogo wangu akauliza. "Juzi nimekiona."

"Kimefungiwa."

"Kwani mtoto kakosa nini?"

Wengine walianza kufunga watoto mgongoni. Yeye aliendelea kukaa mpaka mchana, akitazama mlango wa stoo.

Baada ya hapo hakuonekana. Nilisikia mume amehamia mwalo mwingine wa wavuvi upande wa Magu, wakaenda wote. Zamani mradi ungenipa nauli nimfuate. Sasa nilikuwa nakaanga maandazi nje ya nyumba. Nilipopata nafasi nilisaga karanga, nikachanganya na maziwa ya unga, nikafunga kwenye kopo, nikapanda gari.

Nilimkuta anaanika dagaa mchangani. Mgongo wake ulikuwa mtupu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mtoto yuko wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu, juu kwenye mawe, nyuma ya nyumba za mabati. Aliharisha, akasema. Mwili haukuwa na akiba. Wakati wanatafuta usafiri wa kumfikisha hospitali, akawafia.

Nikaanza kusema pole. Akanikata, kwa sauti ya chini maana mume alikuwa karibu anashona nyavu.

"Uliniambia nisikose. Mimi sikukosa. Mmekosa nyinyi."

"Dawa unakunywa?"

"Ninywe nimnyonyeshe nani?"

Nilikaa naye tukigeuza dagaa. Kopo nilimwachia jirani mwenye mtoto mdogo.

Stoo ilikuja kufunguliwa baadaye sana. Makasha mengine yaligawiwa, mengi yalikuwa yamepitwa na muda, yakachomwa kwenye shimo nyuma ya kituo. Nilikuwa napita na beseni langu la maandazi. Harufu ilikuwa ya karanga za kukaanga, nzuri kabisa, na akina mama waliokuwa foleni walikuwa wanageuza shingo kutafuta inatoka wapi.

Watu huniambia nisiwalaumu wageni, walitusaidia miaka mingi. Ni kweli. Binti yangu ni mzima kwa ajili yao. Lakini anayekuzoesha mlango wake anajua una njaa, na anajua siku anayoufunga. Wala sisi hatukuwa na mlango wetu wa pili. Hilo nalo linanichoma, na sijui nimlaumu nani wa hapa.

Nilimwendea mdogo wangu mara nyingine tatu kabla hajakubali kurudi kwenye dawa. Mwaka huu ana mimba. Mume ameshajua habari ya virusi, yeye mwenyewe alimwambia, na hakumfukuza. Juzi nilimsindikiza kliniki. Muuguzi mpya, binti mchangamfu, alimweleza kila kitu kwa upendo, akamalizia kwa kumsihi asikose kuja.

Mdogo wangu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza, bila hasira, "Na nyinyi mtakuwepo?"

Binti yule alinigeukia mimi. Nikatazama chini.