Motor Nyekundu ya Dada Mardiah

Dada yangu Mardiah ameuza lontong kibarazani kwake Medan tangu afiwe na mume. Kwa wali huo wa kufungwa majanini alimsomesha Suryani, mtoto wake wa pekee. Miguu ikavimba, moyo ukaanza kumwenda mbio, naye yuko palepale anakoroga mchuzi. Harusi ya Suryani ilipokaribia ndipo alipokubali nimpeleke Penang, nchi jirani, akapimwe. Daktari akamwambia apumzike. "Nitapumzika harusi ikiisha," akamjibu, tena kwa ukali, kana kwamba ni mteja anayetaka kuongezewa mchuzi wa bure.

Kutoka hospitali tulikodi gari jekundu hadi nyumba ya wageni. Dada alijilaza kiti cha nyuma akakoroma njia nzima. Tuliposhuka, gari likaondoka na pochi yake, yenye pasipoti na simu. Ndege yetu ilikuwa kesho yake, harusi keshokutwa.

Simu yangu haikuwa na laini ya huko, basi tukajikokota hadi kituo cha polisi. Afisa mmoja mnene, Zulhilmi, aliipigia simu ya dada akakuta imezimwa.

"Pochi umeiacha wapi, mama?"

"Kwenye motor." Sisi watu wa Medan gari ndiyo motor, na pikipiki ndiyo kereta. Tumezaliwa tukakuta hivyo.

"Ya rangi gani?"

"Nyekundu. Ya kukodi. Dereva mzee, mpole."

Afisa akapiga simu huku na huku. Tulikaa kwenye benchi hadi mgongo wangu ukafa ganzi. Mwishowe akaletwa mzee mwenye kofia ya pikipiki mkononi, amenuna.

"Ni huyu?"

"Huyu ana kereta," dada akasema. "Mimi nimesema motor."

"Kereta nitoe wapi mimi?" mzee akafoka. "Hata baiskeli ya mtoto wangu ni ya kuazima!"

Akaenda zake. Nilimkasirikia dada, nikamkasirikia na afisa, sikujua nimlaumu nani. Dada akaniinamia.

"Erni, nyama imeshanunuliwa. Wazee wa upande wa mume wamesema siku haisogei. Watamwoza mwanangu mimi nimekaa hapa kama mzigo usio na mwenyewe."

Nikamkanda miguu yake iliyovimba.

Afisa akarudi na kalamu yake. "Mama, tuanze upya. Motor ilipokuwa inakwenda, ulishika wapi?"

"Nishike nini? Nilikuwa nimelala."

"Umelala juu ya motor?"

"Juu nafanya nini? Ndani!"

"Ndani?" Akaiweka kalamu chini. "Mama, hiyo motor yako ina magurudumu mangapi?"

"Manne! Ulitaka mangapi?"

Afisa akafunika uso kwa viganja. "Mama, hiyo huku kwetu ndiyo kereta. Motor ni pikipiki."

Kituo kizima kikacheka, na mimi nikacheka. Dada hakucheka. Hakuwa na nguvu hizo.

Dereva alipatikana mlangoni pa hospitali, akitungoja. Alikuja na pochi ameikumbatia kwa mikono miwili.

"Binti yako alipiga," akamwambia dada. "Nikamwambia, mama yako kaacha pochi kwenye kereta, naipeleka hospitali. Akapiga yowe, na simu ikaisha chaji."

Dada aliacha kupekua pochi. Kereta. Hospitali. Nilimwona anayasikia maneno hayo kama yalivyosikika Medan: pikipiki, ajali.

Afisa akampa simu yake mwenyewe. Suryani alipokea akilia.

"Ni mimi," dada akasema. "Niko mzima. Kereta nimepanda lini mimi, na umri huu?"

Sauti ya Suryani ikatoka hadi mimi nikaisikia.

"Mama, nimewarudisha wote. Wapishi, wazee, hata bwana harusi. Nimewaambia siolewi bila wewe. Wamefoka, wakaondoka."

Dada aliegemea ukuta. Alasiri nzima alikuwa anaogopa kwamba wataendelea bila yeye. Alilia kwa sauti, mbele ya maafisa, na mimi nikalia.

"Basi wafuate uwaite, mwanangu," akasema alipoweza. "Waambie mama anakuja kesho. Na hiyo nyama asiiguse mtu. Nitaipika mwenyewe."

Sikumkumbusha alichosema daktari.