Reflekta ya Faili Mama

Ofisini kwetu Songea, ukutani karibu na mlango, kuna msumari ambapo hutundikwa reflekta moja ya rangi ya chungwa. Si ya kuvaa barabarani. Huivaa yule aliyefungua faili mama, yaani faili lenye mstari wa katikati wa barabara tunayoisanifu. Michoro mingine yote, ya mitaro na ya makalavati yanayopitisha maji chini ya barabara, huchota vipimo humo. Programu inapaswa kumzuia mtu wa pili asilifungue, lakini mtandao wa ofisi ukiyumba inawaruhusu wote wawili, na anayehifadhi mwisho anafuta kazi ya mwenzake. Jambo hilo lilipotutokea mara ya pili, bosi akaleta reflekta. Ukiwa umeivaa, hakuna anayegusa faili. Ukimaliza, unaitundika.

Jumatano moja ya masika niliivaa kutwa. Nilikuwa nasogeza mstari mita sita, kwa sababu kule Maposeni ulipita juu ya makaburi manne ya familia moja. Alhamisi nikaenda kumweleza mzee mwenye shamba. Reflekta yangu ya kazi za nje ilikuwa imelowa, nikachomoa ile ya msumarini bila kufikiri. Ijumaa nilikuwa nje tena, nayo mwilini.

Jumatatu saa mbili asubuhi nikaitundika. Dada anayechora makalavati akacheka.

"Eh, kaka, leo umetuachia? Siku mbili umelikalia faili kama kuku anayeatamia!"

"Sikuligusa hata kidogo. Nilikuwa Maposeni na site nyingine."

Kicheko kikakatika. "Na reflekta?"

"Nilikuwa nimeivaa."

Akavuta kiti, akakaa. "Ijumaa nilikupigia, hupatikani. Mpimaji amesimama hapo mlangoni anataka mchoro wa kalavati. Reflekta haipo, nikajua faili mama umeliacha wazi kwenye kompyuta yako. Nikatumia nakala ya kwenye flashi yangu."

Nikaangalia tarehe ya ile nakala. Ilikuwa ya siku mbili kabla sijasogeza mstari. Mchoro wake ulikuwa safi, kila kipimo mahali pake, na kalavati limekaa katikati ya makaburi.

"Wanachimba lini?"

"Leo. Saa tatu."

Simu ya mpimaji haikupatikana. Nikapiga tena, na tena. Bosi alisikia nusu tu ya maelezo yetu akanirushia ufunguo wa pikipiki. "Utanieleza ukirudi. Nenda!"

Nilichapisha mchoro kutoka faili mama, nikaukunja kifuani. Mkono wangu ukaenda msumarini wenyewe.

"Na hiyo iache!" dada akapaza sauti.

Barabara ya Peramiho ilikuwa na utelezi pembeni, na mara mbili gurudumu la nyuma lilitaka kunikimbia. Nilikuwa nahesabu: katapila likishaanza, shimo la kalavati halichukui hata nusu saa. Kabla sijafika niliusikia mngurumo wake ng'ambo ya mahindi.

Nyasi zilikuwa zimekwanguliwa hadi hatua mbili kutoka kaburi la kwanza. Mbele ya kijiko cha katapila mzee alikuwa ameketi chini, amepakata vigingi vinne vya mpimaji alivyoving'oa. Mpimaji alikuwa amesimama kando, mchoro mkononi, hajui amtazame nani.

"Mzee, mimi sina ugomvi na wewe," dereva alikuwa anasema. "Karatasi ndiyo inasema hapa."

"Karatasi haijawahi kuja kwangu. Aliyekuja ni mtu mwenye reflekta. Akasema mmehamisha barabara."

Nikasogea. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Na wewe nani?"

"Ni mimi niliyekuja Alhamisi."

Akanitazama juu mpaka chini. "Yule alikuwa na reflekta."

"Ndiyo, baba. Haikuwa ya kuja nayo huku. Wenzangu walipoikosa ofisini wakachora kwa vipimo vya zamani. Kosa ni langu."

Dereva akazima injini. Mzee aliuangalia mchoro niliomfungulia, makaburi upande huu, mstari upande ule, kisha akanyanyuka.

"Basi pima. Mimi nikiona."

Mpimaji akashika mwanzo wa utepe wa kupimia pale kaburini, mimi nikatembea mita sita nikiwa na mwisho wake. Mzee alinipa kigingi cha kwanza, cha pili, cha tatu. Cha nne hakunipa. Aliokota jiwe, akakigongomea mwenyewe.