Mlo Kamili Mbele ya Mama Mkwe

Binti yangu alipohamia Houston kusoma, bweni lao lilikataa wanyama. Shuga glaida wake wawili, dume na jike, wakabaki kwetu Grand Prairie, na mimi nikawa mpishi wao. Kwa asiyewajua, ni wanyama wa kuenea kiganjani, wenye macho makubwa kama ya mtu aliyepewa habari mbaya, na ngozi ya ubavuni inayowawezesha kupaa kutoka kwenye pazia na kutua juu ya kichwa chako. Mchana hulala ndani ya mfuko wa kitambaa. Jioni huamka na kudai haki zao.

Haki zao zilikuwa nyingi kuliko zangu. Niliagizwa nisage papai, sukumawiki, yai la kuchemsha, asali kidogo na unga wa kalsiamu, nigandishe vipande kwenye friza, na kila jioni niyeyushe kimoja. Mimi mwenyewe mlo wangu kamili ni kile kilichobaki jana.

"Baba, usi-skip calcium, please," binti aliniambia akiwa anapakia gari. "No nuts, no bread, no corn. Wata-pick vitu vitamu tu, the rest wanaacha. Wakikosa calcium miguu ya nyuma ina-fail, then wanakufa. Nakuamini wewe, okay? Ukishindwa, I swear siwaachi hapa tena."

Nikaahidi. Kampuni yangu iko Richardson lakini nafanyia kazi nyumbani, na mke wangu ni nesi anayeondoka alfajiri na kurudi hoi. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mama yake mke wangu alipokuja kututembelea kutoka Dodoma.

Nieleze kidogo. Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Hamtazamani usoni, hamli pamoja, hampigi soga. Ukiwa na jambo, unampitishia mkeo. Desturi hii ni nzuri sana kama una uwanja, nyumba mbili na ukuta. Nyumba za Texas zimejengwa na watu wasio na wakwe. Jiko, sebule na meza ya kulia ni chumba kimoja, na ngazi inamwaga watu katikati. Mchana kutwa tulikuwa mle ndani wawili tu, mimi nimeipa kompyuta uso na yeye nimempa mgongo. Nikitaka maji, nilikuwa nakohoa kwanza, naye anageukia dirisha kama kuna msiba unapita barabarani.

Siku ya pili jioni aliniona nikiweka kipande cha chakula kwenye kibakuli. Kisha nikamsikia nyuma yangu, akimwambia yule glaida dume:

"Pole baba. Umekuja ugenini na wanakupa kijiko kimoja. Kwani kuna njaa Marekani?"

Nilijua linanihusu. Lakini nijibu vipi? Nikainama kwenye kizimba na mimi nikamwambia dume huyohuyo: "Mzee, daktari wako amesema hicho kijiko kinakutosha. Kalsiamu iwe mara mbili ya fosforasi."

"Mwambie huyo anayesema nawe," mama mkwe akamjibu mnyama, "kwamba nimelea watoto tisa bila fosforasi."

Hivyo ndivyo tulivyoanza kuongea. Ndani ya wiki moja tulikuwa tumejadili kupitia kwa mnyama yule bei ya nyama, siasa za nyumbani na kwa nini jirani anamwagilia majani huku mvua inanyesha. Dume alisikiliza yote kwa yale macho yake. Jike alibaki mfukoni; hakutaka kuingizwa katika mambo ya ukoo.

Nilifurahi, nikaacha kuchunga. Kumbe mimi nikiwa kwenye mikutano ya kompyuta, mama alikuwa anamtoa dume, anamtia kifuani ndani ya khanga, na kumlisha. Tonge la ugali. Karanga. Ncha ya andazi lililochovywa kwenye chai. Kwake yeye kumnyima aliye kifuani mwako ni laana, na dume, mjanja, akaanza kususa papai langu. Niliona kibakuli kinabaki kimejaa nikadhani ni joto.

Asubuhi moja mama mkwe alishuka ngazi haraka mno kwa umri wake. Alimweka mnyama juu ya meza, mbele ya kompyuta yangu, na kugeuka upande. Dume alitambaa kwa mikono. Miguu ya nyuma ilimfuata kama soksi.

"Mwambie," alimwambia mnyama. "Mwambie kwamba ni mimi nimekupa ugali. Sikujua."

Niliogopa kweli. Akilini nilimwona binti yangu akipakia gari.

Tulikwenda kwa daktari wa wanyama huko Mesquite, mimi naendesha, mama mkwe kiti cha nyuma kabisa kama abiria wa teksi, mnyama kifuani mwake. Daktari alipiga picha ya mifupa, akamchoma sindano ya kalsiamu, akauliza anakula nini. Nikatafsiri ugali kwa Kiingereza na aibu ikanipata, maana ni kweli ni mahindi matupu. Alisema tumewahi kidogo. Apewe dawa ya maji asubuhi na jioni kwa bomba lisilo na sindano, arudishiwe mlo wake, asirukeruke. Akikosa dawa, hatafika mbali.

Jioni ile mke wangu alikuwa kazini. Saa ya dawa ikafika, na dume hakubali kutoka ndani ya khanga. Kila alipovutwa alilia kama mashine mbovu ya kukata nyasi na kujizamisha zaidi. Basi mgonjwa yuko kwenye kifua cha mama mkwe, dawa iko mkononi mwa mkwe, na sheria ya mababu iko katikati.

Nilisogea kinyumenyume. Nilifumba macho, nikanyoosha mkono nyuma ya mgongo wangu, nikiwa nimeshika bomba kama mtu anayelisha mamba.

"We mtoto," mama mkwe alimwambia mnyama kwa ukali, "mwambie huyo mwenye bomba ageuke na afumbue macho. Amenimwagia dawa shingoni."

Niligeuka. Nilimtazama mnyama tu, naapa, pua yake ya waridi iliyochungulia ukingoni mwa khanga. Alilamba dawa. Kisha papai lililosagwa, kidogokidogo, mama akimsihi, mimi nikiminya. Tukafanya hivyo kila asubuhi na jioni. Ugali haukuonekana tena mezani wakati yuko macho. Mama mkwe alikula wake amejificha bafuni, asimtamanishe.

Muhula ulipokwisha binti akaja kuwachukua. Alikuwa amepanga chumba kinachoruhusu wanyama. Dume alikuwa anapanda pazia, ila mguu mmoja ulichelewa. Binti aliuona kabla hajavua viatu.

"Who fed him? Baba. Alikula nini?"

Bibi yake alikuwa amesimama kwenye sinki, ameshika ukingo kwa mikono miwili. Mtoto huyu ndiye mjukuu wake wa kwanza.

"Mimi," nikasema. "Nilimpa ugali. Nilichoka kusaga."

"I trusted you," akasema. Hakupiga kelele, na hilo liliniuma zaidi. Alimkumbatia bibi yake, akabeba kizimba na mfuko, akaenda zake Houston bila kunikumbatia.

Nikarudi kwenye kompyuta lakini sikuona kitu. Nyuma yangu nilisikia sufuria, kisha mwiko, kisha kiti kikivutwa. Sahani ya ugali na mlenda ikatua mbele yangu. Nikangoja aondoke. Hakuondoka. Alikaa kiti cha pili cha meza ileile, na kwa kuwa nyumba haikuwa na mnyama tena, akanitazama usoni.

"Mkwe," akasema, "nawa mikono tule."